Mlangilangi wa Fauzia

Jumatano, 2 Julai 2025

Siku ya tisa bila mke. Fauzia yuko Somanga, binti yetu Zuhura kajifungua. Kaniachia kazi moja: kumwagilia mlangilangi wake. Mche aliutoa kwa marehemu mama yake, kijijini Nyangamara, na nyumba ile imeshabomoka. Miaka minne tunasubiri maua. Sasa una vitumba! Saba. Wa jirani yetu Yustina huchanua kila mwaka, naye hupenda kunisalimia akiwa amesimama chini yake. Basi nimepata wazo. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imebaki, na mikorosho ikipulizwa huzaa vizuri. Nimeupuliza kwa mashine mpaka ukawa wa manjano. Hongera kwangu.

Jumapili, 6 Julai

Majani yameungua. Vitumba vyote chini. Fauzia kapiga simu, anarudi kesho. Kauliza hali ya mti. Nimesema haujambo.

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwomba Yustina maua, nikadai ni ya mgonjwa. Hakuuliza mgonjwa gani. Kanijazia ungo, tena kaniongezea uzi, ambao sikuuomba. Mungu ambariki. Nimefunga maua thelathini matawini. Mti umeushinda wake!

Fauzia kafika alasiri, akaenda moja kwa moja mtini. Kavuta ua, likaja na uzi. Nikakiri yote, na machozi yakanitoka. Kumbe Yustina alimpigia simu tangu Ijumaa, ili hasira ziishie huko huko Somanga. Mwanamke yule! Sijui nitamlipa nini. Fauzia akakwangua gome kwa ukucha. Ndani kijani.

"Mti wa mama uko hai, Baba Zuhura," akasema. "Na haya yote umeyafunga mwenyewe, moja moja?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Sistahili mke huyu.

Jumamosi, 19 Julai

Umechipua! Alhamdulillahi. Fauzia kasema maji tu, nisiuguse kwa kingine. Nimeahidi. Lakini shukrani ya mdomo haitoshi, na kesho anakwenda Lindi mjini kutwa. Nimepata ndoo mbili za mavi ya kuku, mabichi. Mwenye kuku kanionya niyaache mwezi mzima yapoe, la sivyo yataunguza mizizi. Mwezi mzima! Yeye ana kuku, hana mke kama wangu. Nitamwaga zote mbili asubuhi, akishapanda gari tu. Atafurahi sana.