Mioyo Miwili, Bangili Moja

Jumatatu, 4 Machi 2019. Karurumo.
Injinia Karwirwa wa chuo kikuu amenifunga bangili ya kupima mapigo ya moyo. Utafiti! Msichana mdogo, digrii mbili. Mimi nilijijengea kinu cha posho kwa mikono yangu na hakuna aliyewahi kunifanyia utafiti. Akasema moyo wangu unakimbia, labda kwa sababu ya kutafuna muguka, majani yangu ya kuchangamsha mwili. Alisema hivyo mbele ya mke wangu! Wambeti akatoa hukumu papo hapo: wastani wa wiki ukipita themanini, anang'oa muguka wangu wote na kupanda nyasi za ng'ombe. Ng'ombe!

Jumanne, 5 Machi.
Nimejipima. Nikitafuna, 112. Nisipotafuna, 96, kwa hasira. Kwa hivyo kuacha hakusaidii.
Nimepata dawa. Shemeji Ndambiri, kaka yake Wambeti, ni soja wa usiku kwenye kiwanda cha kahawa. Mchana hulala kama gunia. Nilimvalisha bangili akikoroma: 44! Jumlisha na 112, gawanya kwa mbili: 78. Mchana avae yeye, usiku mimi, maana Wambeti hukagua mkono wangu tukila. Ndambiri aliamka akauliza kama hii ni saa. Nikasema ndiyo. Akalalamika kwamba haisemi ni saa ngapi. Mtu hana shukrani.

Ijumaa, 8 Machi.
Karwirwa amepiga simu. Ghafla naitwa mzee wangu. Kumbe mapigo yote humfikia huko chuoni! Eti moyo wangu hubadilisha gia kila asubuhi, mchana hushuka hadi 31, kisha husimama kidogo kana kwamba unafikiria. Akauliza kama nasikia kizunguzungu. Nikasema sisikii. Nilipokata simu, nikakisikia.
Nimelala na viatu. Nimemwachia Wambeti kinu kwa wosia. Ilichukua saa nzima kukumbuka kwamba moyo wa mchana si wangu. Lakini kizunguzungu ni cha nani? Sielewi.

Jumamosi, 9 Machi.
Gari la utafiti limekuja alfajiri, na machela. Nimebebwa majirani wakitazama! Hospitalini wakanibandika waya kifuani: 118. Daktari akasema huu ni moyo wa fahali aliyekula muguka, haujasimama hata mara moja. Karwirwa akashika kichwa. Miaka mitatu ya kazi, akasema, na kumbe bangili zake ni takataka. Nikamfariji kwamba huenda ni betri.
Wambeti akanitazama. Akauliza, Baba Kaari, ile saa mpya ya kaka yangu aliipata wapi? Nikasema saa ni nyingi sokoni. Akasema jana Ndambiri alianguka kazini, wenzake wakamcheka wakidhani ni usingizi.
Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikinyamaza, shemeji anakufa. Nikisema, muguka unang'olewa. Nikapiga hesabu. Nikarudia. Jibu lilikuwa baya kila mara. Nikasema.
Machela ikaondoka bila mimi, kumfuata Ndambiri. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 25 Machi.
Ndambiri amerudi kutoka Nairobi akiwa na kifaa kifuani cha kuusukuma moyo. Daktari wa huko alisema wiki moja zaidi na tungekuwa tunachimba kaburi. Karwirwa amenishika mikono yote miwili akilia: bangili zake ni nzima! Mchungaji amenitaja kanisani. Wambeti amechinja kuku na kunipa wiki nyingine moja, bangili mpya, sharti lile lile.
Mchana nimempima Ndambiri akilala. Sitini! Kifaa hakimruhusu kushuka zaidi. Na 112, gawanya kwa mbili: 86. Hao madaktari wameniharibia shemeji.
Nasikia mama mkwe, kule Siakago, siku hizi husinzia kuanzia chakula cha mchana hadi giza. Nimemwambia Wambeti ni aibu tumekaa sana bila kumtembelea mama. Amefurahi mpaka akaniongezea supu. Shida moja tu: mimi siwezi kumshika mama mkwe mkono, heshima zetu haziruhusu. Lakini atakayemshika ni bangili.