Inchi Arobaini na Nne

Jumatatu, 2 Machi

Siku njema. Uamuzi umefanyika.

Jana mezani, paja la kondoo likiwa bado halijakatwa, baba mkwe wangu Mzee Sigvaldi alitangaza kwamba nyonga zake zimechoka. Miaka thelathini ameongoza msafara wa familia juu ya barafu kuu ya Langjökull, hadi kwenye kambi yetu ya mbao upande wa pili. Jumamosi hii atakwenda kama abiria. Atatazama tu. Atakayemwona anafaa, huyo ndiye atakayekuwa gari la mbele kuanzia sasa.

Mimi! Nani mwingine? Shemeji Ketill, kaka wa mke wangu? Kijigari chake kikuukuu, chepesi kama kopo tupu, na kimevaa matairi ya inchi thelathini na nane. Kweli, mimi nina thelathini na tano. Hilo ndilo tatizo langu pekee, na nimelimaliza kabla ya kahawa. Nafunga za arobaini na nne!

Bergljót, mke wangu, ameuliza kwa nini si thelathini na nane kama za kaka yake. Nikamjibu kwamba kiongozi hafanani na wafuasi. Akaendelea kula mtindi wake.

Jumanne, 3 Machi

Kwa Dagný, fundi matairi hapa Selfoss. Mwanamke wa maneno machache, yote ya kuchoma. Aliuliza kama nimekata madigadi, yale mabati yanayofunika matairi. Nikasema ndiyo. Kama nimeinua gari. Ndiyo. Kama nimebadilisha gia, maana matairi makubwa yataichosha injini. Ndiyo, ndiyo. (La kwanza nitalifanya kesho. Mengine gari litazoea.)

Nilichagua ringi zinazong'aa. Dagný akayagundisha matairi kwenye ringi, ati yasichomoke nikipunguza upepo. Kisha akafuta mikono na kunitazama. "Eyvindur, nisikilize vizuri. Tairi kubwa halikusaidii kwa kukupandisha juu. Unalitoa upepo, linatanuka kwenye theluji kama mguu wa bata. Ukiliacha gumu, umenunua pipa."

Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Sikusikia sana. Nilikuwa najiona kwenye ringi.

Jumatano, 4 Machi

Madigadi nimeyakata. Bergljót alikuja kutazama, akarudi ndani.

Matairi yamekaa. Nikisimama kando yake, tairi linanipita kiunoni! Nimelipiga picha kumi na moja.

Kisha nikawasha injini nitoke nje. Kishindo. Paa limegonga juu ya mlango wa banda. Gari limekuwa refu kuliko mlango! Nikakaa juu ya ndoo nifikiri. Bergljót akatoa kichwa dirishani, akasema nitoe upepo. Nikamwomba asinikatize, nafikiri. Baada ya robo saa nikapata wazo zuri sana la kutoa upepo. Gari likanywea, likatoka taratibu, nafasi ya kidole kimoja tu juu.

Huko nje nikajaza tena, hadi yakawa magumu kama jiwe. Sasa litalala nje. Bora. Majirani wataliona vizuri.

Alhamisi, 5 Machi

Majaribio. Gari linapendeza mno. Dosari moja ndogo: nikikata kona ya kushoto, tairi linakwangua bodi na kutoa mlio kama wa farasi anayeng'olewa jino. Kulia halina neno. Kwa hiyo leo nimekata kulia tu. Kwenye duka la mikate nilifika kwa kona tatu za kulia. Kwenye bwawa la maji moto, kona saba. Nimeishi Selfoss miaka yote hii, kumbe kuna mitaa sijawahi kuiona.

Ketill alikuwa bwawani, maji hadi shingoni, na wenzake watatu. "Shemeji! Umepita nyumbani kwangu mara nne. Umepotea, au unanilinda?"

Walicheka hadi maji yakamwagika. Nikamwambia nawapa watu nafasi ya kuona. Akauliza, sasa bila utani, Jumamosi nitaacha upepo kiasi gani. Nikasema hiyo ni siri ya uongozi.

Siri yenyewe ni hii: sitoi hata pumzi moja. Nikitoa upepo gari linashuka. Likishuka, nalingana kimo na Ketill. Sasa arobaini na nne zilikuwa za nini?

Ijumaa, 6 Machi

Nimekata bodi tena kidogo. Kushoto sasa naweza, nikienda polepole na redio ikiwa juu.

Mzee Sigvaldi alipita na fimbo yake. Akalizunguka gari, akalipiga teke tairi, akasema: "Gumu." Nimelichukua kama sifa. Tena kesho atapanda kwetu! Alimwambia Bergljót kwamba kiti cha Ketill kinamuumiza nyonga. Sababu haina maana. Muhimu ni nani atakuwa amekaa ndani ya gari lipi.

Utabiri unasema dhoruba itatoka magharibi kesho alasiri. Tunapaswa kuwa kambini kabla ya saa nane.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika kambini, baada ya supu, tumbo limejaa. Nieleze kwa mpangilio.

Tulipoifikia theluji laini, wote walisimama kutoa upepo. Magari matatu, la Ketill na ya ndugu wengine wawili, watu wazima wamepiga magoti mbele ya matairi kama wanakama ng'ombe. Nikawapita nikipiga honi. Mzee, aliyekaa kando yangu, Bergljót akiwa nyuma, akauliza kama mimi sitoi. Nikamweleza kwamba arobaini na nne hazihitaji mambo hayo. Akasema "Mm."

Kilomita nzima niliongoza! Mbele yangu hakuna hata alama ya gurudumu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha pua ya gari ikazama. Kisha mkia. Nikakanyaga mafuta, nalo likachimba, likachimba, hadi theluji ikafika milangoni. Hapo akapita Ketill, mwendo wa mtu anayetembea, juu ya theluji kabisa, kama paka juu ya blanketi. Hakucheka. Heri angecheka. Akasimama, akanipa kamba. Nikasema asante, tuko sawa, tunapumzika. Akamtazama dada yake. Bergljót akampungia mkono aendelee kutengeneza njia, na magari mengine mawili yakamfuata.

Ndipo mlima wa magharibi ukapotea ndani ya dhoruba. Ulikuwepo, halafu haukuwepo. Nikageuka kumwambia Mzee kwamba mambo si mabaya, nikaona ameshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili, uso umekuwa wa kijivu. Zilibaki kilomita kumi na nne, na mtu yule hawezi kutembea mita mia. Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma humu: niliogopa. Si kwa ajili yangu.

Nikamwambia Bergljót labda tusubiri kidogo.

"Tusubiri nini, Eyvindur? Toka kwenye usukani. Chukua koleo."

Nikachukua koleo. Yeye akapiga magoti, akatoa upepo tairi moja baada ya jingine, hadi yakajikunja kama soksi. Gari langu zuri likashuka mbele ya macho yangu. Akaingia, akarudi nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma tena. Halafu likapanda! Likapanda juu ya theluji lenyewe, likasimama pale kama halikuwahi kuzama. Nikalikimbilia, nikaingia kiti cha nyuma.

Baada ya hapo weupe mtupu. Mbingu na ardhi kitu kimoja. Bergljót aliendesha macho yakiwa kwenye ramani ya mtambo wa setilaiti, na baba yake kando akimwambia kushoto kidogo, binti, sasa nyoosha. Tukawakuta Ketill na wenzake wamesimama, hawajui pa kwenda: kijigari kile hupita popote, lakini mtambo wake wa ramani ulikuwa umeganda. Bergljót akapita mbele. Wakafuata taa zetu za nyuma. Nilizitazama taa zao kupitia kioo, jozi zote tatu, nikazihesabu kila dakika, zisipungue.

Saa nane kasoro dakika kumi tulifika. Tulipokuwa tunafunga mlango wa kambi, upepo uliushika kwa nguvu hadi tukausukuma wanne.

Kwenye supu Mzee Sigvaldi alivua kofia. Hakuhutubia. Alisema, "Bergljót ndiye wa mbele." Kisha akainama kwenye bakuli, na naamini hakuwa anatafuta nyama.

Ketill alipiga makofi wa kwanza. Mimi wa pili, kwa sauti kubwa zaidi. Nikamshika Bergljót mkono chini ya meza. Bado ulikuwa wa baridi na unanuka mpira. Hakuuondoa.

Sasa tufikiri vizuri. Gari la mbele ni la nani? Langu! Matairi ya nani? Yangu! Kwa hesabu yoyote, nimeshinda.

Jumatatu, 9 Machi

Nyumbani. Jua. Kahawa na andazi. Nimepata utulivu wa kuchambua yaliyotokea.

Kila mtu anasema upepo, upepo. Ni kwa sababu hawafikiri hadi mwisho. Tulizama kwa sababu moja tu: arobaini na nne ni ndogo mno. Zingekuwa arobaini na sita, theluji ingetufika wapi? Chini!

Nimekwenda kwa Dagný kuziagiza. Alijifunika uso kwa mikono, akakaa hivyo muda. Furaha ya biashara, nadhani. Bergljót bado sijamwambia. Ni zawadi yake. Kiongozi anastahili kuketi juu.

Hizi za arobaini na nne nilitaka kumpa Ketill, bure kabisa, kwa moyo mweupe. Akanishukuru sana, akasema zake zinamtosha, ujanja wote uko kwenye kutoa upepo.

Nimemhurumia. Watu wengine, hata uwaonyeshe mbele ya macho yao, hawafundishiki.