Ufa wa Brekke

Jumatatu, 4 Machi 1985
Picha za rada za Finnmark, kaskazini kabisa mwa nchi, zimefika ofisini kwetu Trondheim. Ndege imezipiga juu ya mawingu mazito, na jicho langu likadaka kitu! Mstari mweupe, kilomita thelathini, umenyooka kama kamba ya mwashi. Ufa wa miamba! Nimeupa jina langu: Ufa wa Brekke. Ijumaa mkuu wetu, Bi Tordis, atachagua mtu mmoja wa kuhutubia wanajiolojia Oslo. Nani kama mimi?

Jumanne, 5 Machi
Gunnvor wa meza ya pili kachungulia. Eti ufa hauwaki hivyo, kwenye rada kinachowaka ni chuma. Eti nimeuliza wenyeji? Wivu mtupu! Nimemjibu mwenye macho haambiwi tazama. Picha nimeificha kwenye boksi langu la chakula, chini ya mkate na jibini la kahawia.

Jumatano, 6 Machi
Picha imeingia siagi. Ufa bado unaonekana, na sasa unameremeta zaidi.
Bi Tordis naye anataka neno la mwenyeji. Haya! Nimempigia simu Ante, mfugaji wa kulungu wa theluji huko Kautokeino, Finnmark. Nimemuuliza kama kwao kuna mstari mrefu unaotenganisha upande huu na ule. Kasema upo, na watu wanagombana juu yake kila mwaka. Ushahidi huo! Alitaka kuendelea kueleza, nikamshukuru na kukata.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeeleza vizuri mno. Nimepiga ubao kwa fimbo. Kumbe Bi Tordis alimwalika Ante! Kasimama kwa upole.
“Ndugu yangu, huo ni uzio wetu wa waya. Tuliujenga mimi na shemeji. Mbona kwenye simu hukuniacha nimalize? Basi kama ni wako, njoo uutengeneze, kulungu wamebomoa kipande.”
Ukumbi mzima ukacheka. Gunnvor alijifuta machozi. Nimeona haya hadi masikio yakawaka.

Jumatatu, 11 Machi
Gunnvor anakwenda Oslo. Inauma, tena sana. Bi Tordis kaniamuru nisitangaze mstari wowote kabla ya kuwauliza wenyeji. Nimemwelewa vizuri. Mistari basi!
Leo nimeona duara. Jeupe, kamilifu, katikati ya tambarare tupu. Kimondo kilianguka pale, hakuna ubishi! Barua ya kwenda Oslo nimeshaiandika. Ante sitamuuliza. Mfugaji huona zizi kila mahali.