Lori la Sajini na Kanuni ya Tisa

Kamati ya Uwakilishi Sawia katika Filamu za Ulinzi ina furaha kuutangazia umma kwamba filamu yetu ya maisha ya kambini imekamilika, na kwamba ndani yake hakuna mwananchi aliyeachwa nje. Mimi ni katibu wa Kamati. Naandika taarifa hii nikiwa nimeinua mguu mmoja juu ya mto, na sababu itajulikana.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Kikosi kilikuwa na askari kumi na wawili, na makundi yaliyoomba kuwakilishwa yalikuwa arobaini na moja. Hivyo kila askari alibeba makundi matatu na kipande. Mpishi wa kambi, kwa mfano, alikuwa mtu wa milimani, mtu wa bondeni na, kila Jumatano, mfugaji.

Kigugumizi kilikuja kwa mwanamke. Filamu inasimulia kisa cha sajini mmoja wa kike, sasa mstaafu, aliyeendesha lori la majeruhi katikati ya risasi akawafikisha wote wakiwa hai. Mwenyekiti alisoma akakunja uso.

"Mwanamke, lori, risasi. Mtazamaji atachanganyikiwa," alisema. "Lori apewe mwanamume, aliendeshe kwa niaba yake. Yeye awe nesi, alie kidogo."

Tukapitisha. Sajini mwenyewe tukampa cheo cha Mshauri wa Uhalisia. Cheo kilianza mara moja, ila kiti kilikuwa bado kinashughulikiwa, kwa hiyo alihudhuria vikao miezi mitano akiwa amesimama mlangoni. Kwa ajili ya uwazi, naomba ieleweke kwamba sajini huyo ni mama mkwe wangu.

"Baba," aliniambia siku moja, maana hajawahi kunivunjia heshima, "wale niliowabeba bado wapo. Watakuja kuangalia. Watakuta dume limeshika usukani wangu. Niwaambie nini?"

"Mama, suala lako liko mezani."

"Meza ipi? Ile mnayoilalia?"

Iliniuma. Nikaiingiza kwenye kumbukumbu za kikao kama maoni ya mdau.

Kisha likaja suala la adui, maana vita bila adui ni mazoezi tu. Tuliyaandikia makundi yote arobaini na moja, na kila moja likajibu kwamba liko tayari kutoa shujaa. Adui hakupatikana. Mwongozaji wa filamu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akauliza ni nani basi ambaye bado hajawakilishwa.

"Kamati," akasema mama mkwe kutoka mlangoni.

Mwenyekiti aliguswa sana. Alisema tumejisahau miaka yote hii kwa kuwatumikia wengine. Papo hapo nikaandika Kanuni ya Tisa: kundi likishawakilishwa, haliondolewi kwenye filamu kwa sababu yoyote ile. Akatia sahihi kwa mbwembwe.

Siku ya kupiga picha tulisimama wajumbe tisa, sisi ndio adui, katikati ya barabara ya vumbi, bunduki za mbao mikononi, matumbo yakigombana na magwanda. Shujaa, yule mwanamume aliyepewa lori, akapanda. Kumbe amezoea gari linalojibadilishia gia lenyewe. Lori lilimzimikia mara nne. Mwongozaji akalitazama jua linavyoshuka, akamtazama mama mkwe, naye akavua kandambili, akapanda na kushika usukani.

Siwezi kusema uongo, uhalisia ulikuwepo. Aliambiwa asimame hatua ishirini mbele yetu, na alisimama hatua ishirini kamili. Ila wakati huo sisi tulikuwa hatupo. Makamu alikuwa juu ya mti. Mimi nilitegua mguu nikiruka uzio wa shamba la watu. Mwenyekiti aliingia mtaroni kwa kichwa, akimwita marehemu mama yake.

Siku ya uzinduzi, wale majeruhi, sasa wazee, walikaa safu ya mbele. Lori lilipotokea walisimama wote, hata yule wa magongo, wakageuka na kumpigia saluti mama mkwe wangu. Naye akawarudishia saluti. Nililia, na sikuandika popote. Kisha ukaonekana mtaro, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mwenyekiti ameagiza kipande hicho kikatwe. Nimemjibu kwa masikitiko, nikiambatisha Kanuni ya Tisa pamoja na sahihi yake.

Mwisho, kuhusu kiti cha Mshauri wa Uhalisia: kimepatikana. Ni kile cha mbele kabisa, chenye mto wa ngozi, ambacho Mwenyekiti hajakikalia tangu uzinduzi.