Kitabu cha Poka na Jogoo wa Kabazi

Jumatatu, 3 Machi

Kosgei ametushinda tena. Huu ni mwezi wa tano mfululizo. Fundi wa viatu asiyeweza kushona soli ikakaa wiki mbili, lakini mpe karata kwenye kihoteli cha Joan, anageuka profesa. Leo alisema mbele ya watu kwamba mimi Muiruri ninyoe tu vichwa, poka niwaachie wenye vichwa. Joan alicheka hadi chai ikamwagika.

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukaa meza moja na Kosgei. Nikasema Jumamosi tucheze mimi na yeye, wawili tu. Akauliza naweka nini, maana yeye anaweka redio yake. Mdomo wangu ukasema jogoo. Jogoo ni wa Nyakio, mke wangu. Mama yake alimleta Krismasi kutoka Kabazi ili aboreshe kuku wetu, na mama mwenyewe anakuja Jumapili kumwona pamoja na vifaranga. Nyakio hajui. Sioni haja ya kumsumbua, kwa sababu nitashinda.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri. Watu wa mtaa wetu wa Kaptembwo wanacheza poka kwa mazoea tu, hakuna hata mmoja aliyesoma! Nilifunga kibanda changu cha kinyozi saa nne asubuhi nikaenda mjini kwa Khisa, anayeuza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Nikamwambia nataka kitabu cha poka. Alikuwa navyo vitatu, vyote vya Kiingereza, vya mzungu fulani aliyehama Naivasha.

Kuchagua si kazi ndogo. Cha kwanza kilikuwa kinene, kimejaa desimali. Khisa alisema hicho ni cha watu wanaocheza na kompyuta. Kosgei si kompyuta. Hata simu yake ni mulika mwizi, ya vitufe na tochi. Cha pili kilifundisha kusoma uso wa adui: akigusa pua, anadanganya. Kizuri, ila Kosgei hugusa pua siku nzima kwa sababu ya gundi ya viatu. Cha tatu kiliandikiwa wachezaji wa dau dogo, meza ya watu wachache, bila kikomo. Nikakaa kwenye kreti nikapima. Jogoo mmoja ni dau dogo. Watu wawili ni wachache. Kikomo hatuna, huwa tunacheza hadi Joan atufukuze. Kitabu kiliandikiwa mimi.

Tumekubaliana nitamnyoa Khisa bure hadi Juni.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa arobaini, kati ya mteja mmoja na mwingine. Mmoja ametoka na upara upande wa kushoto. Haikuwa kwenye mpango.

Kitabu kinasema mchezaji wa dau dogo huangamia kwa kucheza kila karata anayopewa. Karata dhaifu, kinasema, ni ya ku-fold. Nikaangalia kamusi. Kunja.

Jioni nikajaribu kwa Joan. Nilipewa nne ya maua, dhaifu kabisa. Nikaikunja. Ilikunjika vizuri, katikati. Joan alisema karata hizo alizinunua juzi, na kama nimerukwa na akili niwe nakunywa chai nje na mbuzi. Nikawaoshea watu vikombe kama adhabu. Kosgei aliinyoosha ile nne kwa nyundo yake akasema haina neno. Huruma ya adui inauma kuliko matusi.

Alhamisi, 6 Machi

Sura ya sita. Hii ndiyo yenyewe! Usimwonyeshe adui ulichonacho. Uso uwe mkavu, mdomo ufungwe. Nimefanya mazoezi ya uso mkavu mbele ya kioo cha kinyozi siku nzima. Wateja wawili waliniuliza nimefiwa na nani. Nyakio aliuliza kama chakula kina kasoro. Nikanyamaza, kama kitabu kinavyoagiza. Akaondoa sahani.

Ijumaa, 7 Machi

Khisa amekuja kunyolewa. Nikamweleza mpango. Akauliza tunacheza poka gani, ni ile ya kufuatisha ua ama namba hadi umalize, ukipigwa mbili unaokota mbili, ukipigwa tatu unaokota tatu? Nikauliza kwani kuna nyingine. Akasema, "Boss, hiyo ni kadi. Ya kitabu ni mchezo tofauti kabisa. Hizo zinafanana jina tu."

Nilikaribia kuamini. Kisha nikamwelewa: anataka nirudishe kitabu amuuzie Kosgei. Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa chake. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nyakio alienda mazoezi ya kwaya. Jogoo akaenda kwa Joan ndani ya kikapu, akafungwa kwenye mguu wa meza, kando ya redio.

Kwetu, ukibakiwa na karata moja ni lazima utangaze, "Niko kadi." Usipotangaza huwezi kumaliza, unaokota adhabu. Hili linajulikana hata na paka wa Joan.

Nilicheza kuliko siku zote za maisha yangu. Kosgei alikuwa na karata tisa mkononi. Mimi nikabakiwa na moja, saba ya maua. Watu wakanitazama. Joan akakohoa. Kosgei mwenyewe akaniuliza kama nina neno la kusema. Nikakumbuka sura ya sita. Nimwambie adui nilichonacho? Nikamkazia uso mkavu.

Zamu yangu ilipofika nikaweka ile saba, nikasimama kuchukua redio. Kosgei aliniambia kwa upole nikae, sikuwa nimetangaza. Nikaokota. Akanipiga tatu, akanipiga mbili, akatangaza, akamaliza. Jogoo aliondoka kwapani mwake.

Nyakio aliuliza jogoo yuko wapi. Nikasema anatembea. Naogopa kesho, sitaficha.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe, anayeitwa mama Wangu, alifika baada ya kanisa na gunia la kabichi. Akamuulizia jogoo kabla ya kukaa. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe machoni, kwa hiyo yote nilivieleza viatu vyake. Uso wa Nyakio ulikuwa mkavu kuliko wangu, na bila kitabu.

Mama akauliza huyo Kosgei anapatikana wapi. Akakaa naye kwa Joan na kitambaa cha kanisa kichwani, akaweka gunia la kabichi mezani kuwa dau lake. Alisema kadi aliijulia kwenye foleni ya kuuza pareto. Lori likichelewa, wanawake walicheza. Shule aliachia darasa la tatu. Dakika kumi hazikuisha. "Niko kadi," alisema, kama anayesoma matangazo ya kanisa. Kosgei akamfungulia jogoo na kumwambia asante, mathe.

Nyakio amenikataza kugusa karata maisha yangu yote. Nimekubali. Sitagusa.

Lakini nimekaa nikafikiri. Mama ameshinda bila kufungua hata ukurasa mmoja. Je, akisomewa? Nimempigia Joash, mchoma nyama wa Kikopey ambaye hajashindwa tangu mwaka juzi. Tumepatana Jumamosi, yeye na mama Wangu. Joash anaweka mbuzi mzima. Sisi tunaweka jogoo na kuku wote kumi na mmoja. Akaniuliza kama wenye kuku wamekubali. Nikamwambia asijali, hayo ni mambo ya familia.