Nitamwambia Kengele Ikilia

Jumatatu, 6 Aprili 1998

Odile anaondoka! Nimesikia kwa muuza mikate, si kwake mwenyewe. Pasaka ikipita tu, Jumanne ijayo, anahamia Nantes kwa binti yake. Jumla! Mkate nimeulipia na kuuacha palepale dukani.

Miaka miwili sasa Odile anatembeza wageni kwenye mnara wa kengele wa kanisa kuu. Miaka miwili nakata tiketi kama mgeni, mimi Anselme Ropiteau niliyezaliwa upande wa pili wa uwanja wa kanisa. Ngazi mia tatu na kumi na mbili, za kuzunguka, pamoja na kitambi changu na woga wangu wa mahali pa juu. Maelezo yake nayajua yote: matao yalijengwa lini, nani alichonga yale mazimwi ya mawe yanayotema maji ya mvua. Lakini nikisimama mbele yake mdomo unakauka. Yote niliyowahi kumwambia ni "asante" na, siku moja hali ya hewa ilipokuwa mbaya, "mvua".

Leo nimepata mpango. Saa sita kamili mchana Firmin, mpiga kengele, humvuta Adelaide. Adelaide ndiye kengele kubwa, tani nane. Akilia, huko juu hakuna anayesikia kitu. Mwenye neno lazima apeleke mdomo sikioni kwa mwenzake. Basi! Saa sita nitakuwa kando ya Odile. Nitamwambia nampenda. Akikubali, nimepata. Akikunja uso, nitasema nilikuwa naulizia choo. Najishangaa mwenyewe kwa akili.

Jumanne, 7 Aprili

Masista! Kumi na wawili, mbele yangu ngazini. Mkubwa wao anasimama kila baada ya ngazi kumi ili wasali. Nikaomba kupita. Akanijibu kwamba wiki takatifu watu hawasukumani, mzee wangu. Mzee! Nina hamsini na tisa. Adelaide akalia nikiwa katikati ya njia, nimekumbatia ukuta, macho nimefumba. Nikauambia ule ukuta kila kitu, kama mazoezi. Ilinitoka vizuri sana.

Nilipofika juu Odile alikuwa ameshamaliza. Akanipangusa vumbi begani, akauliza mbona nimepauka hivyo, bwana Ropiteau. Nikasema "ngazi". Mkono wake ulikaa begani pangu muda wa kuvuta pumzi mbili. Koti hili sitalifua.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimewahi, wa kwanza kabisa. Nimesimama kando yake. Saa mkononi. Nimekuwa fundi saa miaka thelathini na nane, saa yangu haikosei. Adelaide akaanza. Mbao zikatetemeka, meno yakatetemeka. Nikasogea. Ananukia sabuni na nta ya mishumaa. Nikasema yote! Kwamba nampenda. Kwamba asiende Nantes. Kwamba jikoni kwangu jua linaingia asubuhi na hakuna wa kuliona ila mimi. Akatabasamu! Akaitikia kwa kichwa!

Kengele ikanyamaza. Odile akachomoa pamba sikio la kulia. Kisha la kushoto. Akauliza eti nilikuwa nasema nini.

Pamba! Kapewa na Firmin, asubuhi hiihii, kwa kumhurumia masikio. Nikasema nilikuwa naulizia choo. Akanielekeza: chini, ngazi mia tatu na kumi na mbili. Firmin alicheka mpaka akaning'inia kwenye kamba. Nikiteremka akaninong'oneza: "Anselme, wewe ni domo zege. Mwambie mwenzio kabla hajapanda treni." Namjua huyo. Anataka nikataliwe ili njia iwe nyeupe kwake.

Alhamisi, 9 Aprili

Magoti yamegoma. Nimeshinda dirishani. Odile amekula mchana na Firmin kwenye benchi la uwanjani, mkate na jibini, wanacheka. Ana namna yake ya kumega mkate, anautazama kwanza. Kumbe hata hilo nitalikosa.

Alasiri nimejikokota hadi duka la dawa nikanunua pamba yote iliyokuwepo. Muuzaji akanipa pole, akadhani nimefiwa au nimejikata.

Jioni, wakati wa misa, kengele zote zililia pamoja, muda mrefu ajabu, kisha zikakata ghafla. Firmin anajionyesha tu! Mimi misa sijaingia tangu kipaimara, sijui walikuwa wanashangilia nini. Zilipokuwa zinalia nilifungua dirisha nikaliita jina lake kwa nguvu, mara nyingi. Hakuna aliyesikia. Niliona raha, halafu nikaona upweke.

Ijumaa, 10 Aprili

Siwezi kuandika. Naandika.

Sikusikia kengele ya asubuhi. Nilidhani ni moyo wangu unaodunda kuizidi. Nikapanda. Juu tulikuwa watu kumi na saba. Odile hana pamba, nilimchungulia masikio yote mawili. Saa mkononi. Dakika moja. Sekunde kumi. Tano. Saa sita! Nikavuta pumzi na, ili nizishinde tani nane, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote: "ODILE, NAKUPENDA! USIENDE NANTES!"

Kimya. Kimya, jamani! Adelaide ananing'inia tu, hatikisiki. Njiwa wakaruka wote. Kule chini muuza maua akainua kichwa. Firmin alikuwa kakaa kigodani anamenya chungwa. Akaniambia taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba kengele, kama hadithi isemavyo, zimekwenda Roma. Tangu misa ya jana, kama kila mwaka, hazilii mpaka Pasaka. Kila mtoto wa Ufaransa anayengojea zimletee mayai ya chokoleti analijua hilo. "Ulikuwa unaishi wapi, ndugu yangu?" Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Odile uso ulimwiva mpaka shingoni. Hakucheka. Aliwaambia wageni watangulie kushuka. Firmin naye akakumbuka ana kazi chini. Tukabaki wawili. Akasema, polepole: "Bwana Ropiteau, nimesikia. Sasa niambie tena, kwa sauti ya kawaida. Nakusikiliza."

Alisema nakusikiliza! Alisogea hatua moja. Upepo ulikuwa unamchezea nywele na hakuzishika. Neno nilikuwa nalo, lilikuwa hapa, nyuma ya meno.

Nikamwambia nilikuwa najaribu mwangwi.

Akanitazama. Akasema mwangwi wa hapa ni mzuri, ndiyo. Akashuka.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Kengele zimerudi. Zimelia asubuhi nzima, zinanisuta. Sikupanda. Watoto wanaokota mayai bustanini. Niliweka vikombe viwili mezani, sijui kwa nini, nikarudisha kimoja kabatini.

Jumanne, 14 Aprili

Stesheni. Nilijificha nyuma ya mashine ya kahawa. Aliyembebea sanduku ni nani? Firmin! Akaniona, akanikamata ukosi wa koti, akaniburura hadi mlango wa behewa. Akasema, "Huyu hapa mtu wako, Odile, mimi namuwahi mke wangu." Kweli, ana mke. Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Odile kasimama mlangoni mwa behewa. Akaniuliza, mara ya mwisho, kama nina neno. Nikasema safari njema. Akasubiri. Akasema basi, na mimi nitakukumbuka. Na mimi! Akaendelea kusubiri mpaka mlango ukajifunga wenyewe.

Hapo ndipo ulimi uliponifunguka. Kioo kati yetu, nikasema yote, kwa ufasaha, bila kukwama hata mara moja. Odile akaweka kiganja sikioni. Akatikisa kichwa, akanionyesha kioo. Treni ikaondoka. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu apitishe ufagio.

Mji huu sikujua kuwa ni mdogo hivi. Kila mtaa unaishia kwenye ule mnara.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimelala vizuri, mara ya kwanza wiki nzima. Nina mpango! Barua. Hakuna kelele, hakuna pamba, hakuna kioo. Nimeomba anwani ya binti yake kwa Firmin, akanipa na akanikumbatia, mtu wa ajabu. Nimeandika kurasa nne. Kila kitu kimo, hata namna anavyoutazama mkate kabla ya kuumega. Mwishoni nimemsihi anijibu neno moja tu, ndiyo au hapana, na kwamba akisema ndiyo nitakuja Nantes kwa treni ya kwanza. Nimeisoma mara tatu, machozi yakanitoka.

Nimechukua tahadhari moja tu, ya mtu mzima mwenye akili zake: sikuweka jina langu wala anwani. Akichukia, hatajua ni nani.

Nimeitumbukiza saa nne asubuhi. Nimesogeza kiti dirishani. Namsubiri mtu wa posta aniletee jibu.