Juisi ya Limau Niliyosema ni Yangu

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa nane

Leo nimedanganya kanisani. Si ndani kabisa. Mlangoni. Naandika hivyo ili Mungu aone tofauti.

Ilikuwa sikukuu ya kwaya. Mzee Manirakiza alitoka Luvungi kuja kumsikiliza mwanawe Lionel, mchumba wa binti yangu Délice. Noella, mke wa mdogo wangu, alikuwa ameleta ndoo ya juisi ya limau. Mzee akanywa gilasi moja, akaomba ya pili, akauliza nani ameitengeneza. Minye, mimi huyu, nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika upawa.

"Ni minye," nikasema.

Mdomo ulitangulia! Mzee akanikumbatia. Akasema Jumamosi wanakuja kwetu kujitambulisha, na kwao hakuna anayegusa pombe. Basi tuwape juisi hii hii.

Nikasema haina shida.

Jumatatu, tarehe 5

Kwenda kumwomba Noella? Haiwezekani. Wiki iliyopita, mbele ya familia nzima, nilisema juisi yake ni sukari tupu, na kwamba mtu yeyote mwenye mikono anaweza kuitengeneza.

Mikono ninayo. Nimenunua malimau ya Lubarika, mazuri, ya manjano. Nimeyatwanga kwenye kinu mazima mazima, ganda na mbegu. Kwa nini nitupe kitu? Nikachemsha. Nikaonja.

Chungu! Taya zilikataa kufunguka. Nikaongeza sukari, ikawa chungu yenye sukari. Délice akaonja kidogo, akauliza ni nani mgonjwa hapa nyumbani.

Jumatano, tarehe 7

Upelelezi. Nilipanda juu ya bidoni, dumu letu la maji, nikachungulia kwa Noella juu ya ukuta. Niliona mengi. Anayaviringisha malimau mezani kwa kiganja mpaka yalainike, ndipo anayakata. Anakamua kwa mkono, anachuja kwa kitambaa, mbegu zote nje. Tangawizi na sukari anachemsha kando, anaacha ipoe. Kisha akachukua kitu fulani kidogo cha rangi ya machungwa. Nikajinyoosha nione vizuri.

Bidoni ikateleza. Nikaangukia bustani yake ya lengalenga, mchicha wote ukalala.

Akauliza natafuta nini. Nikasema kuku wetu amepotea. Akasema hatuna kuku. Nikasema ndiyo maana, amepotea.

Akanisaidia kuinuka. "Shemeji, kama iko kitu unahitaji, si useme tu?"

Pale pale ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikamwomba aniite kuku akionekana. Nimerudi na udongo kwenye suruali na aibu usoni.

Ijumaa, tarehe 9

Juzi nilikamua kama nilivyoona, bila kile kitu cha rangi ya machungwa nisichokijua. Ilikuwa tamu! Niliimba. Kwa kuwa mwenye akili hujiandaa mapema, nikaijaza kwenye bidoni, nikafunga kwa nguvu, nikaiacha karibu na dirisha.

Jua la Uvira halijui heshima. Leo asubuhi kifuniko kimeruka, kimepiga bati la nyumba, paa, kama risasi! Délice akajitupa chini ya meza. Huku kwetu muntu hangoji kuuliza ni nini. Nilimkuta anatetemeka, mikono juu ya kichwa. Nikamwambia ni juisi tu.

Hakucheka. Na minye sikucheka. Juisi yenyewe imekuwa pombe, na kesho wageni wanakuja.

Jumamosi, tarehe 10

Sijui nianzie wapi.

Noella alikuwa kwetu tangu asubuhi, anapika samaki wa mikeke nyuma ya nyumba kwa ajili ya wageni. Tangu mama yake Délice afariki, ni Noella aliyemlea. Kando ya moto nikaona ndoo imefunikwa. Nikanusa: limau! Maganda yaliyokamuliwa yalijaa pembeni. Nikajiambia tuko familia moja, hakuna wizi. Nikaibeba mpaka saluni, walipokaa wageni.

Nikamimina mwenyewe. Tukasali. Mzee Manirakiza akanywa.

Uso wake ulisimama. Akameza. Mke wake akameza. Lionel, kijana wa watu, akamaliza gilasi yote huku anamtazama Délice, machozi yakimtoka.

Mzee akasema polepole, kwa adabu kubwa: "Papa Délice, hii iko na harufu ya ziwa."

Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyoipenda sisi watu wa Uvira. Na nikamwongezea!

Délice akaonja. Akaweka gilasi chini bila sauti. Akanitazama, kisha akatazama miguu yake. Afadhali angenipigia kelele.

Noella akatokea mlangoni. Alielewa mara moja. Yale yalikuwa maji ya limau na chumvi aliyooshea samaki. Mkononi alibeba ndoo nyingine, imetoka kwenye kongelateri ya jirani, barafu inagongana ndani.

"Mutusamehe, wazee," akasema. "Minye ndiye nimechanganya ndoo. Ile ya shemeji ni hii."

Wakanywa. Wakafurahi. Mzee akainua gilasi kunipongeza, na minye nikainua yangu. Noella alikuwa ameshageuka kurudi kwa samaki wake.

Jumapili, tarehe 11

Délice hakunisalimia. Baada ya chakula nikamuuliza Noella alijuaje kuleta ndoo ya pili.

Akasema Noella alijua tangu siku ya kwaya. Mzee mwenyewe alimfuata uwanjani, akamsifia shemeji yake hodari wa juisi. Noella akaitikia tu, ili Délice asipate aibu kwa wakwe. Juisi ya Jumamosi alikuwa ananitengenezea minye.

Nilikosa pa kuweka macho. Nikaenda kwake. Nilimkuta anafua. Nikaomba msamaha, maneno yakitoka moja moja. Akasikiliza, akakamua shuka, akasema yeye hana kinyongo. Ila nimpigie mzee simu, nimwambie ukweli, kabla binti hajaolewa katika uongo.

Nikaapa. Nililia kidogo. Kweli kabisa.

Jumatatu, tarehe 12

Nimepiga simu. Nikasema, "Mzee, iko kitu nataka kukuambia."

Akasema hata yeye iko na jambo, na kwa kuwa ni mkubwa ataanza. Mke wake hajalala kwa mawazo ya ndoa. Gato, keki ya harusi, itatoka wapi? Kuileta kutoka Bukavu, kwa barabara ile, itafika unga. Sasa wamefikiri: mwanaume mwenye mikono kama yangu, je, gato hawezi?

Nikavuta pumzi. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Gato?" nikasema. "Mzee, gato ndiyo kazi yangu hasa. Juisi ni mchezo tu."

Akauliza ya ghorofa ngapi. Nikasema nne.

Délice ameniuliza sasa hivi kama nimempigia mzee. Nimemwambia ndiyo, tumeongea vizuri, na amefurahi sana.